“Amesema nikimwacha atajiua, na mimi nimechoka”

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 17, nasoma kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), shule ya bweni huku Iringa. Nyumbani ni Tanga. Naomba jina langu lisitoke, maana matroni wetu anasoma ukurasa huu.

Nina mpenzi. Ana miaka 18, anasomea umeme chuo cha ufundi huko huko Tanga. Tulianza wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Ni mpole, anajua kuchekesha, na ndiye mtu wa kwanza kuniambia nina akili badala ya kunisifia sura. Shida ni kwamba kuna wakati anazima. Anaweza kukaa wiki nzima hapokei simu ya mtu isipokuwa yangu, chuoni haendi, hata kuoga haogi. Halafu kuna wakati anawaka: anakesha siku mbili, anapanga tukafungue studio ya muziki Arusha, ananinunulia zawadi kwa hela ya ada.

Likizo ya Desemba alinitumia ujumbe usiku: “Usiponijibu hadi saa tano, kesho utasikia.” Nilikuwa naosha vyombo, nikauona saa tano imeshapita. Shangazi, nilitetemeka mpaka sahani ikaniponyoka. Nilipompigia alikuwa mzima. Akalia, akasema mimi ndiye sababu pekee ya yeye kuwa hai. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Tangu hapo nikiwa likizo silali kabla hajalala. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo jioni namwomba mpishi mmoja simu yake, namlipa mia tano kwa dakika chache, na Jumapili elfu moja. Hela ya sabuni imeishia huko. Klabu ya mdahalo nimeacha kwa sababu inagongana na saa ya kumpigia. Mtihani wa Machi nimepata divisheni three, na muhula uliopita nilikuwa na one. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa akiniuliza nina nini. Siku hizi anageukia ukutani tu.

Sasa nije kwenye kitabu. Bwenini kuna riwaya ya Kiingereza inazunguka, All the Bright Places ya Jennifer Niven. Haina jalada, na kurasa za mwisho zimeng'oka. Ni juu ya Violet na Finch, wanafunzi wawili wanaokutana juu ya mnara wa shule, kila mmoja na mawazo ya kufa. Finch ni yeye kabisa, anavyozima na anavyowaka. Violet ndiye mimi. Pale Finch anapojiua nililia mpaka matroni akadhani nimefiwa. Kilichoniuma ni kwamba Violet alimpenda kwa moyo wote na bado haikutosha. Nikawaza, labda kuna mahali alilegea. Nikajiapiza kwamba mimi sitalegea. Lakini Shangazi, nimechoka. Kuna siku natamani mpishi aseme simu haina chaji.

Nikimwambia mama, atanipiga kwanza ndipo aulize. Nikimwambia mwalimu, nitafukuzwa kwa kosa la mapenzi. Je, huyu ana ugonjwa wa Finch? Na nikimwacha akafanya alichosema, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua?

Msomaji wa Usiku, Iringa

*

Marahaba, mwanangu.

Hapana, hutakuwa umemuua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwa macho kabla ya kusoma mengine. Msichana aliyesema “basi” hajaua mtu.

Hata hivyo, usichukulie kwamba maneno yake ni ya kupuuza. Kuna imani imeenea kwamba anayetangaza kujiua hajiui. Si kweli, wengi waliofika huko walikuwa wamemdokeza mtu. Ni kweli pia kwamba wapo wanaotumia maneno hayo hayo kumfunga mwenzao asiondoke. Huyu wako yuko kundi gani? Mimi sijui, wewe hujui, na kwa bahati nzuri huna haja ya kujua. Kama anaumwa, anahitaji mtu mzima aliye karibu naye, na anamhitaji leo. Kama anakutisha, anahitaji mtu mzima yule yule, leo hii hii. Wewe uko Iringa, yeye yuko Tanga, na kati yenu kuna safari ya basi ya karibu siku nzima na simu ya kukodi kwa mpishi. Hata ungempenda namna gani, huwezi kufika kwake usiku.

Kitabu hicho nakijua. Kilitoka mwaka 2015, na 2020 kikawa filamu ya Netflix. Ni kitabu kizuri, sitakuambia ukichome. Mwandishi amesema kilitokana na kijana wa kweli aliyempenda, ambaye alijiua, na ukisoma unahisi kwamba hakubahatisha. Ila wewe umekisoma kama mtu aliyepokea barua yenye jina lake, na mtu akisoma hivyo haoni hadithi ilivyoundwa. Kirudie, safari hii waache Violet na Finch, watazame watu wazima peke yao. Baba wa Finch ni mtu wa ngumi, na ana familia nyingine. Mama amezama katika uchungu wa kuachwa. Mtoto akitoweka siku kadhaa, nyumbani wanasema ndivyo alivyo, atarudi. Mshauri wa shule ana wasiwasi naye, lakini Finch anamzungusha kwa mizaha. Ukiwahesabu wote, hakuna hata mmoja aliyeshika mkono wa yule mtoto akampeleka kwa daktari na kumrudisha wiki iliyofuata. Mzigo wote unamwangukia msichana wa darasa lake, ambaye mwenyewe bado anamlilia dada yake aliyekufa kwa ajali ya gari.

Huo ni ufundi, mwanangu. Mtunzi wa riwaya za vijana ana sababu ya kuwatoa wazazi jukwaani. Mama mwenye akili timamu akiingia sura ya tatu, hadithi ya mapenzi inakwisha na inayobaki ni ya kadi ya kliniki na benchi la kusubiri zamu. Nani atainunua? Upweke wa wale wawili ndio unaoipa riwaya moto wake. Nimesoma nyingi za aina hii na mbinu ni ile ile: kijana mgonjwa, mwerevu, anayesema maneno ya kuchorewa mstari, msichana ambaye hana kazi nyingine duniani ila kumwelewa, na nyumba zilizojaa wazazi wasioona. Msomaji wa miaka 17 anafunga kitabu akiamini kwamba mapenzi ndiyo matibabu, na kwamba yakishindwa basi dozi ilikuwa ndogo. Wewe hukuishia kuamini, umeanza hata kuongeza dozi.

Violet hakulegea popote. Alipewa kazi isiyo yake kwa kuwa wenye kazi hawakuwepo.

Na zile kurasa zilizong'oka, nikuambie zilikuwa na nini. Baada ya hadithi kwisha, mwandishi ameweka maelezo yake mwenyewe na orodha ya mashirika ya Marekani ambayo kijana anaweza kuyaendea: kwa mawazo ya kujiua, kwa magonjwa ya akili, kwa uonevu, kwa waliobaki baada ya kufiwa namna hiyo. Yaani yule yule aliyewaacha Violet na Finch peke yao kwa kurasa mamia, alipomaliza aligeuka akawaambia wasomaji wake wasikae peke yao. Nakala ya bwenini kwenu imebaki na huzuni tupu. (Matroni, kama kweli unasoma: kuwanyang'anya kitabu hakutasaidia, watakisoma chini ya shuka. Tafuteni nakala nzima.)

Najua utaniuliza: Shangazi, na kwetu nako wazazi hawapo? Wapo, ila wana fimbo. Unasoma HKL, kwa hiyo riwaya ya Rosa Mistika unaijua au utaijua karibuni. Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa muda, baadaye ikaruhusiwa. Watu wazima wengi wanakumbuka zile sehemu zilizowafanya waone haya. Mimi nakumbuka zaidi Zakaria, baba yake, anavyompiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Pale mtoto alijifunza kwamba jambo la moyo haliletwi nyumbani, na yaliyomkuta baadaye, hadi kujiua kwake, yalimkuta akiwa hana pa kuyapeleka. Niven aliwatoa wazazi nje. Kezilahabi aliwaacha ndani, akatuonyesha jinsi fimbo inavyowatoa.

Kwa hiyo sitakuambia “mwambie mama” kisha nifunge ukurasa. Unavyomweleza mama yako, nakuamini. Tutapita mlango mwingine.

Tuanze na upande wa kijana. Lazima ana mtu: dada mkubwa, mama, mjomba anayemlipia ada. Mchague mwenye kifua kipana kuliko wote, umpigie mchana. Huna sababu ya kueleza wewe ni nani kwake. Sema hivi: “Mimi ni rafiki yake. Ameniambia kwamba atajiua. Kuna siku halali kabisa, kuna wiki hatoki chumbani. Niko mbali, siwezi kumsaidia. Naomba asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.” Kisha nyamaza, umwache mwenzako aseme. Akikukaripia kwamba unamfuatafuata mtoto wao, usibishane naye. Tafuta wa pili kwenye ukoo, urudie maneno hayo hayo.

Utasema uliapa. Kiapo cha kumfichia mtu kifo hakimfungi yeyote, na wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Atakukasirikia, tena sana, na huenda akakwambia umemsaliti. Afadhali huyo mwenye hasira na aliye hai.

Upande wako, tafuta mtu mzima mmoja aliye karibu: nesi wa shule, mwalimu wa unasihi, mama mdogo. Mazungumzo yaanze na neno “kujiua”, siyo neno “mpenzi”. Mtu mzima akishasikia la kwanza, la pili hupungua uzito. Na ukiona wote hao wamekaa vibaya, kuna namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, haihitaji salio, kwa hiyo mpishi asikutoze kitu. Kisheria wewe bado ni mtoto mpaka utimize miaka 18, usione haya kuipiga. Wasomaji wangu wa Kenya nao wana namba hiyo hiyo.

Ikitokea ukawa unaongea naye na moyo ukakuambia leo si kawaida, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Watu huogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi, Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo mara nyingi, na aliyebeba jambo hilo mara nyingi hupata nafuu kidogo akiulizwa. Akijibu ndiyo, unamjulisha dada yake saa ile ile. Hukeshi naye.

Umeuliza kama ana ugonjwa wa Finch. Riwaya inazungumzia hisia mseto, ugonjwa unaompandisha mtu juu mno kisha kumshusha chini mno, na ni kweli mara nyingi huanza katika umri wenu. Lakini kukesha na kuwaka kunaweza kuletwa na mengine: bangi, mirungi, tezi ya shingo, hata msiba usioliliwa. Anayeweza kutofautisha ni daktari baada ya kumsikiliza na kumpima. Hakuna anayeweza kwa kulinganisha na mhusika, awe wewe, awe mimi. Na tofauti hiyo si ya jina tu. Mwenye hisia mseto akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuwaka zaidi, ndiyo sababu mambo haya hayanunuliwi duka la dawa la mtaani kwa kumwelekeza muuzaji. Dawa zenyewe za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengi wanaziacha mapema wakisema hazifanyi kitu. Pale Tanga waanzie Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, waseme wazi kwamba ni suala la afya ya akili. Mzaha wa “huyu wa Mirembe” au “huyu wa Lutindi” uachwe vijiweni. Hospitali zile za magonjwa ya akili watu huingia na kutoka.

Familia yake inaweza kuwa na hofu ya polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wajue kwamba kumweleza daktari una mawazo hayo si jaribio. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Natamani na sisi tufike huko, maana sheria ya aina hii humtisha mgonjwa na mganga wake.

Sasa wewe. Hayo ya kulala akilala na kula akila yana historia ndefu. Waliokuwa wakiwahudumia walevi huko Marekani, miaka ya 1970 na 1980, walianza kuwatazama wake zao: mke anapiga simu kazini kusema mume ana mafua, kumbe kalala na pombe, analipa madeni yake, anawaficha watoto hali yake. Kadiri alivyomfunika, ndivyo mume alivyokosa sababu ya kutafuta tiba, na mke naye akasahau yeye mwenyewe alikuwa akipenda nini. Mwaka 1986 Melody Beattie aliandika kitabu juu ya watu hao, kikauzwa kwa mamilioni. Madaktari hawajaweka kuishi hivyo katika orodha ya magonjwa, na mimi naona sawa, kwa sababu wewe huumwi. Umezoea tu kuipima siku yako kwa siku ya mtu mwingine, na mazoea hayo yalianza kwa huruma, ndiyo maana ni magumu kuyaona. “Wewe ndiye sababu pekee ya mimi kuwa hai” katika riwaya ni mstari wa kunakiliwa kwenye daftari. Katika maisha ni ajira isiyo na likizo, na hukuiomba.

Ile siku unayotamani simu ya mpishi iwe haina chaji, usiionee haya. Ni mwili unakuambia ukweli kabla ya mdomo.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba: mapenzi haya yasimame. Wengine watakuambia umvumilie mpaka apone, kwani kumwacha mgonjwa ni ukatili. Lakini kijana anayeumwa hivi anahitaji familia, daktari na usingizi, na wewe huwezi kuwa hata kimoja kati ya hivyo. Yafuate kwa mpangilio: familia yake ijue kwanza, ndipo wewe umwambie. Mwambie mchana, wakati dada au mama yuko naye nyumbani, kwa sentensi chache usizozirudia: kwamba umewaambia ndugu zake, kwamba unamtakia kupona, kwamba hutapiga tena kila jioni. Usimwahidi “labda baadaye” ili kupunguza makali. Ahadi hiyo itamkalisha akisubiri simu. Akituma tena ujumbe wa “kesho utasikia”, upeleke kwa dada yake kama ulivyo, kisha urudi ulipokuwa.

Ukitaka riwaya ya kusoma baada ya hiyo, tafuta Turtles All the Way Down ya John Green, ya mwaka 2017. Nayo, kama ile ya Niven, imewekwa Indiana huko Marekani, sijui jimbo hilo lina nini. Aza, msichana wa umri wako, anasumbuliwa na mawazo yanayomjia na kumrudia bila hiari yake, ugonjwa ambao Green mwenyewe anao na huuzungumzia hadharani. Kuna mvulana mwema, mapenzi yapo, na hayamponyi. Ana mama anayeuliza maswali hadi kero, ana daktari wa kumwona kwa miadi, na ana rafiki, Daisy, anayemwambia siku moja bila kupaka sukari kwamba kuwa rafiki yake kunachosha. Wanagombana vibaya sana. Kisha wanapatana, urafiki unaendelea. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya Daisy inawafaa wasichana wa bweni kuliko mahubiri kumi.

Wewe pia una wa kitanda cha juu. Mwambie leo kabla taa hazijazimwa, hata kama ni nusu tu ya uliyoniandikia, na kesho muende naye kwa nesi. Wakikukatalia wote niliowataja, niandikie tena uniambie nani alikataa na alisema nini, ili tujue wa kumfuata baada ya hapo.

Shangazi